Mwalimu Aliyeogopa Sifuri

Asubuhi watu wengine ofisini walisalimiana kwa habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Mwalimu yeye aliingia, akaweka kikapu chake chini ya meza, akakipangusa kiti kwa upindo wa kitenge, kisha akaniuliza: "Nani hayumo?" Kabla sijajibu alikuwa tayari anahesabu viti kwa kidole. Akishagundua kwamba dereva hajafika, au kwamba nesi mmoja amebaki Kalundu na mtoto mgonjwa, hapo ndipo moyo wake ulitulia, akatoa bonjour kwa wote.

Sote tulimwita Mwalimu, kwa sababu kabla ya kuja kwetu alikuwa amefundisha hesabu shule ya sekondari mpaka koo likamshinda. Hata motari, yule wa pikipiki aliyemleta kila siku kutoka Mulongwe alimwita hivyo. Ofisi yetu ilishughulika na chanjo za watoto wa Uvira na vijiji vya bonde la Ruzizi, na yeye ndiye aliyeshika kompyuta yenye rejista ya watoto wote. Mimi nilikaa meza ya pili kutoka kwake miaka sita. Kazi aliyonifundisha ndiyo ninayoifanya mpaka leo, na kwenye meza yake.

Niseme jambo moja mapema, maana mimi ni mtu wa hofu na neno likinikaa kifuani linashuka tumboni. Siku moja nilimjibu Mwalimu uongo. Uongo wenyewe ulikuwa neno moja tu. Kwa sababu ya neno hilo mtoto wa kike wa Kiringye alipoteza uwezo wa kusikia, Mwalimu akapoteza kazi, na mimi nikabaki salama kabisa. Kwa miaka mitatu nilidhani hakuna anayejua. Kila ninapotaka kumkumbuka Mwalimu kwa furaha, na mama yule alikuwa na furaha nyingi ya kukumbukwa, neno hilo linakuja kukaa katikati.

Kazi yenyewe mtu akisimuliwa anaiona ndogo. Una orodha mbili. Ya kwanza ni rejista: kila mtoto wa kijiji na namba ya karti yake ya chanjo. Ya pili inatoka kwenye daftari la kijiji: namba za wale waliokwisha kuchomwa sindano. Unaiambia mashine, nitolee watoto ambao namba yao imo katika orodha hii ya pili, nayo inakutolea. Au unaligeuza swali: nitolee wale ambao namba yao haimo. Ni kufumba na kufumbua, na karatasi iko mkononi.

"Waliomo hawanipe wasiwasi," alikuwa akiniambia. "Waliomo wako na karti, wamesha lia, wamesha nyamaza. Wasiomo njo kazi yetu. Muntu hayumo, nani atakuambia kama hayumo? Yeye mwenyewe hajui kama kuna listi."

Majina aliyakataa. Mtoto mmoja wa bondeni ana jina la bibi yake, ana la ubatizo, ana na lile ambalo mama yake humwita akiwa amemkasirikia, na kila siku ya chanjo analetwa na shangazi anayejua moja tu. "Jina ni ya kumwita mutoto akule," Mwalimu alisema. "Mu mashine unaweka namba." Nikiandika orodha kwa majina aliichukua, akaikunja vizuri, akanirudishia bila kuisoma. Alikuwa na adabu hiyo ya kukuumiza polepole.

Ugonjwa huu wa wasiomo hakuuacha ofisini. Kuna arusi moja Kalundu walimpa kazi ya kusimama mlangoni na orodha ya wageni. Mtu mwingine angezuia watu. Yeye aliwapitisha wote, hata vijana ambao tuliona wazi wamefuata wali tu, halafu akawa anaizungukia karatasi na kalamu yake nyekundu akinung'unika. Nusu saa baadaye alimwendea bwana arusi pale mbele, akamnong'oneza: "Shangazi yako mukubwa, yule wa Kiliba, mulimwandika wapi?" Hakuwa ameandikwa. Walikuwa wamemsahau, mwanamke aliyemlea. Motari alitumwa mbio, yule mama akaletwa amevaa kandambili na kitenge cha nyumbani, amevimba kwa hasira, na Mwalimu ndiye aliyempigia magoti. Mpaka leo familia ile haijui wamshukuru au wamwonee haya.

Lakini kitu alichokiogopa kuliko vyote, kuliko hata ziwa, na ziwa aliliogopa mno, hakupanda mtumbwi hata siku moja katika maisha yake hapa ufukweni, kilikuwa ni sifuri. Ukimletea orodha ya watoto wengi waliokosa chanjo, anapiga simu. Ukimletea wachache, anafurahi. Ukimletea sifuri, anasimama wima na kuvua miwani.

Mara moja ripoti ya wiki ilionyesha kwamba Mutarule hakuzaliwa mtoto hata mmoja. Sisi tukapita, wiki nyingine huwa za kimya. Mwalimu akaishika karatasi. "Wiki nzima? Mutarule? Wanawake wamegoma?" Tulicheka mpaka dereva akatoka nje kukohoa. Yeye akapiga simu, haikupokelewa, akapiga tena, na jioni tukajua kwamba fomu zilikuwa zimekwisha na mkunga alikuwa anaandika watoto nyuma ya kalenda ya ukutani. Walikuwa wengi. "Sifuri inapendeza macho," alituambia kesho yake, akiwa amekasirika kweli. "Hakuna muntu anaiuliza swali. Muiulize."

Ndiyo maana alijitungia mtoto. Katika rejista ya kila kijiji aliongeza mtoto mmoja asiyekuwepo duniani, namba yake tisa tupu kutoka mwanzo mpaka mwisho, hajawahi kuchomwa sindano yoyote. Mtoto huyo, kila unapoiomba mashine wale wasiomo, lazima atoke. Asipotoka, mashine inakudanganya: funga, anza upya. Akitoka, sawa, unauliza mara ya pili ukimwacha pembeni, na hiyo ya pili ndiyo unayochapisha kwa ajili ya timu, wasije wakazunguka kijiji wakimtafuta mtoto wa hewa. Hatua mbili. Dakika moja kwa zote.

Mwalimu hakujaliwa kupata mtoto wake mwenyewe, na watu wa ofisi walimtania bila huruma, kama tunavyotaniana huku. "Mwalimu, mtoto wako mbona hachanjwi? Watakufunga!" Yeye alicheka kuliko sisi. "Mutoto wangu ni mukaidi, akiona nesi anakimbia." Na kila siku ya kutoa orodha, popote alipokuwa, hata akiwa anakula, swali lilikuwa moja: "Mutoto wangu ametoka?" Ukimjibu ametoka, anaendelea kula.

Hapo ndipo penye ajabu yake, na nimelifikiria jambo hili mpaka kichwa kinaniuma. Mashine hakuiamini hata ikimwambia moja na moja ni mbili. Binadamu alimwamini kwa neno la kwanza tu na yakaisha. Jirani aliazima kinu chake akasema nitakirudisha kesho, Mwalimu akakingoja miaka miwili bila kwenda kukidai, akienda kutwanga sombe yake, majani ya muhogo, nyumba ya tatu. Nilimwambia, Mwalimu, wanakuchezea. Akasema: "Muntu akisha sema, amesema. Nikianza kupima na watu, nitaishi na nani?" Nyumbani kwake funguo zilipotea kila wiki, maharage yaliungua huku ameinama juu ya rejista, na taa ya mafuta alikuwa anaijaza maji. Mwanamke huyuhuyu aliyeweza kukuambia ni mtoto gani wa Luvungi amebakiza sindano ya pili!

Na mimi nilikuwa mtu wake. Aliniamini kwa namna ambayo ilinitisha.

Ilikuwa Jumanne, na milimani juu ya mji wingu lilikuwa limekaa vibaya. Mzunguko wa pili wa chanjo ya surua ulikuwa unaanza, kwa ajili ya watoto waliokosa ule wa kwanza. Masanduku ya barafu yalikwisha kupakiwa, gari linanguruma uani, mkuu wa timu anatazama saa na mawingu, saa na mawingu, kwa sababu mvua ikikukuta njiani bondeni unalala kwenye matope. Mwalimu alikuwa mlangoni anagombana na simu, mtandao unakuja unaondoka. Orodha tatu zilikuwa juu yangu: Mutarule, Kiringye, Luvungi.

Mutarule nilifanya hatua zote mbili. Luvungi pia. Nilipofika Kiringye honi ilipigwa, na mimi honi ikipigwa mikono yangu si yangu tena. Nikaruka hatua ya kwanza. Nikaomba moja kwa moja ile ya kuchapisha, ile inayomwacha mtoto wa Mwalimu pembeni. Ikaja tupu.

"Kiringye?" mkuu wa timu akauliza, kichwa chake dirishani.

"Sifuri."

"Mungu asifiwe! Yule mzee wao wa kaye, wa daftari la kijiji, ni hodari. Basi tunapita hadi Luvungi."

Mwalimu akageuka, simu sikioni. "Sifuri? Mutoto wangu ametoka?"

Ningesema ngoja. Neno ngoja lingetosha, na dakika moja. Lakini mkuu wa timu alikuwa ananitazama, na nilikuwa nimechoka kuitwa mwoga, maana ndivyo walivyoniita, mama hofu, mama tungoje kwanza. Na sifuri ilikuwa habari njema. Nani anasimamisha gari kwa habari njema?

"Ametoka, Mwalimu."

Akaja, akainama, akatia sahihi yake karatasi zote tatu juu ya goti langu, bado anaongea na simu. Gari likaondoka.

Siku kumi na nne baadaye Kiringye walikuwa na surua. Watoto wengi walipona, wakakonda, wakapona. Mmoja, msichana wa miaka miwili, homa ilipoondoka hakugeuka tena mtu akimwita. Mzunguko wa kwanza alikuwa na joto mwilini, nesi akamwambia mama yake: huyu atachomwa mzunguko wa pili. Nilisoma jambo hilo kwenye ripoti ya kituo.

Mwalimu ndiye aliyetafuta chanzo, peke yake, mchana mmoja, mimi nikiona mgongo wake tu. Chanzo kilikuwa mstari mmoja mtupu.

Yule mzee wa daftari wa Kiringye alikuwa reko, yaani mtu wa kijiji anayejitolea kufuatilia afya ya majirani zake, na alikuwa na desturi yake. Nyumba yenye matanga hakuingia nayo daftari. Hauendi kwa watu wanaolia ukawadai namba ya karti. Lakini hauwezi pia kuiruka, maana watasema ulituhesabu pamoja na maiti wetu. Basi alikuwa anaiachia nyumba ile mstari wake, mahali pake palepale kati ya majirani, mweupe, mpaka kilio kiishe aje aujaze. Ilikuwa ni heshima. Mtoto wa nyumba ile alikwisha kuchomwa, alama ya tiki ilikuwepo pembeni mwa mstari, namba tu ndiyo ilikuwa inangoja. Na mimi niliponakili daftari niliuingiza mstari kama ulivyo, mtupu, kwa sababu tulizoea mistari ya mashine ilingane na ya daftari.

Sasa mashine ndivyo ilivyo. Inamchukua mtoto wa kwanza wa rejista, inauliza: namba yake imo? Inapitia orodha. Si hii. Si hii. Inafika kwenye mstari mtupu, inasema: hapa sijui kilichoandikwa, huenda ni yeye. Na kwa kuwa haina uhakika kwamba hayumo, haimtoi. Inamchukua wa pili, vilevile. Wa mia, vilevile. Ukiuliza nani yumo, mstari mtupu haukudhuru. Ukiuliza nani hayumo, mstari mmoja tu unakufichia kijiji kizima, na huoni kosa lolote, unaona sifuri.

Mwalimu alipofahamu hayo alivua miwani. Kisha nikamwona anafanya hatua ya kwanza, ile niliyoiruka. Kioo kikabaki cheupe. Mtoto wake hakutoka. Akageuza kichwa akanitazama, na mimi nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza.

Kwenye mkutano waliuliza nani alithibitisha orodha ya Kiringye. Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua. Mwalimu akasema, "Sahihi ni yangu," na mimi nikaufunga. Wiki ile aliondoka na kikapu chake. Alisahau miwani mezani, nikamkimbilia nayo mpaka barabarani, akanishukuru, akapanda pikipiki. Nikasimama pale kwenye vumbi nikijiambia kesho nitasema. Jamani, kesho ngapi zimepita!

Nikapewa meza yake. Tangu hapo sijawahi kuchapisha orodha kabla sijaondoa mistari mitupu, na nimewafundisha wengine, na wananisifu kwa uangalifu. Nilimwona Mwalimu mara mbili sokoni. Mara zote mbili nilijificha nyuma ya mafungu ya ndagala, mtu mzima mimi, mama wa watoto watatu, mwenye samaki ananiuliza: unanunua ao unakimbia deni?

Mwaka huu vijiji vya bonde vilikuwa havitulii. Kila siku unasikia fulani amefunga virago, fulani amevuka kwenda Burundi. Nikaanza kuogopa kwamba Mwalimu naye atavuka na sitamwona tena. Hofu hiyo ndiyo iliyoishinda ile nyingine. Jumamosi nikaenda Mulongwe kwa miguu ili nisifike haraka.

Nilimkuta uani anaosha viti vya plastiki vya kanisa, amejifunga kitenge juu ya magoti. Amezeeka, mikono imekonda. Hakushangaa. "Kamata hiki," akasema, nikashika kiti, akaendelea kusugua upande wa pili. Tukaosha viti vinne. Kisha nikasema yote, haraka, bila kumtazama: hatua niliyoruka, honi, neno lenyewe.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mutoto wangu hakutoka. Weye uliniambia ametoka. Iko hesabu ngumu pale?"

"Kwa nini haukusema, Mwalimu?"

Akamwaga maji machafu, akangoja yaishe kupita. "Mwanzo nilisema moyoni, wangekufukuza na weye, biro yetu ya chanjo ingebaki na nani? Ile ni jibu nzuri, nilijipa ile. Lakini kweli ni kwamba nilikasirika. Mwaka muzima. Nikikutana na namba yako mu listi ya simu, naigeuza simu uso chini. Nilisema, aje mwenyewe. Asipokuja, njo hivyo."

Nililia. Nikamwomba anisamehe, nikamshika mikono ikiwa na sabuni. Aliniacha niishike kidogo, halafu akaitoa.

"Minye nilisha kusamehe, sijui siku gani, iliisha tu yenyewe. Lakini hiyo haikusaidie kitu. Minye nilipoteza kazi, na ile kazi nilikuwa nimeichoka. Mama ya mutoto iko Kiringye."

"Mwalimu..."

"Minye naenda kule kila baada ya miezi kidogo. Nimemwambia ilikuwa kosa yetu. Ananijibu aksanti Mwalimu, ananipa mihogo. Haniamini. Vaa viatu."

Nilifikiri anasema siku nyingine. Alikuwa amekwisha kumwita motari.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Kwenye kila kizuizi cha barabarani moyo wangu uliomba waturudishe, na kila walipotupungia mkono tupite niliwachukia. Kuanzia Kiliba nilikuwa napanga maneno. Nitaanza na mashine, nitaeleza mstari mtupu, matanga, desturi ya mzee. Tulipovuka Sange nilikuwa na hotuba nzima. Tulipofika Kiringye sikuwa na hata sentensi moja.

Mtoto alikuwa amechuchumaa mbele ya nyumba anapanga vijiti kwenye vumbi, mgongo kwetu. Pikipiki zote mbili zilizima hatua kumi kutoka kwake, hakugeuka. Mwalimu hakuita hodi. Alipiga ardhi kwa mguu mara mbili, kwa nguvu, na mtoto akageuka, akamwona, akaruka juu akacheka, sauti yake kubwa mno, ya mtu asiyejisikia. Akamkimbilia. Mimi sikumfikia hata kumgusa kichwa.

Mama yake akatoka akipangusa mikono. Mwanamke mdogo kuliko nilivyomwaza, pengine ana umri wangu. "Karibu Mwalimu. Na huyu?"

Mwalimu akambeba mtoto akaangalia shambani.

"Minye njo nilitoa listi ya Kiringye," nikasema. "Ile ya surua. Nilisema hapa hakuna mutoto aliyebaki. Sikuangalia vizuri. Mwalimu aliniuliza kama nimeangalia, nikadanganya."

Hakuelewa. Au hakutaka bado. "Lakini gari ilipita," akasema. "Kila muntu hapa aliiona gari ya chanjo ikipita."

"Ilipita kwenda Luvungi. Haikusimama."

"Minye siku ile nilikuwa shamba. Nilienda kupalilia mpunga. Asubuhi tu, si siku muzima."

"Hata ungekuwa umekaa hapa mlangoni na mutoto mikononi, isingesimama. Jina lake halikuwa mu karatasi. Minye njo nililiacha nje."

Akakaa kwenye kizingiti. Akaweka mikono yake miwili juu ya kichwa. Aliponyanyua uso alimtazama Mwalimu, hakunitazama mimi.

"Weye uliniambia ni kosa ya biro. Nikaona unanifariji tu, kwa sababu una moyo muzuri. Miaka mitatu bwana yangu ananiambia gari ilikuja, weye ukachagua mpunga. Mama yake vilevile. Hata kanisani wananiangalia. Na minye nikaamini. Nimeomba Mungu anisamehe ile mpunga kila siku."

Akasimama, akanishika kifundo cha mkono. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Badala yake akanivuta, nusu anakimbia, tukazunguka nyumba mpaka nyuma, ambako bwana yake alikuwa ameinama akinoa jembe kwenye jiwe. Hakuinua kichwa.

"Sema tena," mama yule akaniambia, bado amenikamata. "Sema kwa sauti. Huyu anasikia."